Nyumba ya Kisasa Shambani, Sebule Isiyokalika

Swali: "Mimi na mke wangu tulimaliza nyumba yetu ya shamba mwaka jana. Ni ya kisasa kabisa: sebule ya mita 9 kwa 7, dari iko mita 6 juu, na ukuta wa magharibi karibu wote ni vioo vya tabaka mbili, mita 8 kwa 5, vinavyotazama bonde. Sakafu ni vigae vya porselini vinavyong'aa, kuta ni nyeupe, na kwenye dari ya jipsamu kuna taa 24 ndogo za kuzama. Makochi ni ya ngozi, ya gharama. Kwenye picha kila mtu anaisifu, lakini hatukai humo. Kuanzia saa tisa alasiri joto halivumiliki, usiku vioo vinageuka vyeusi tunajihisi tunatazamwa, na wageni wakifika sita hakuna anayemsikia mwenzake. Mama mkwe anasema ni kama ukumbi wa benki, anahamia jikoni. Tumebakiwa na fungu moja la fedha. Tunafikiria kung'oa vigae tuweke marumaru nyeupe, tununue taa kubwa ya fuwele ya kuning'inia, na mapazia mazito. Je, hapo nyumba itapata ule ufahari unaokosekana?"

Jibu: Marumaru hapana. Taa ya fuwele isubiri. Mapazia ndiyo, ila kwa sababu tofauti na unayoifikiria.

Ndugu yangu, nyumba yenu haijapungukiwa na vitu vya gharama. Inachosha mwili. Masikio yanachoka, macho yanachoka, ngozi inachoka, na mtu akishachoka hivyo huhama chumba bila kujua kilichomhamisha. Picha haibebi sauti wala joto, ndiyo maana wanaoiona wanaisifu na ninyi wenye nyumba mnabanana jikoni. Mama mkwe ametambua tatizo kuliko mafundi wote mliowalipa. Ukumbi wa benki nao una sakafu ngumu, dari ya juu, vioo na mwanga mweupe, na hakuna anayetarajiwa kukaa humo jioni nzima. Kwa hiyo fungu hilo lililobaki ningeligawa hivi: kwanza jua, kisha sauti, kisha taa. Kikibaki kitu, ndipo tuzungumze mapambo.

Nina hakika aliyewauzia vioo aliwaambia kwamba tabaka mbili huzuia joto. Wengi husema hivyo na hawadanganyi sana. Hewa iliyofungiwa kati ya tabaka hizo huchelewesha joto linalopenya kutoka hewa ya moto kwenda hewa ya baridi. Lakini mionzi ya jua haizuiliwi na hewa hiyo. Kioo angavu cha tabaka mbili hupitisha takriban robo tatu ya nishati ya jua inayokipiga. Alasiri isiyo na mawingu, ukuta uliolikabili jua la magharibi unaweza kupokea wati 600 hivi kwa kila mita ya mraba. Vioo vyenu ni mita za mraba 40. Zidisha, chukua robo tatu ya jibu, unapata wati 18,000. Hiyo ni sawa na kuwasha hita 18 za wati 1,000 sebuleni, tena jua linapowaka sana. Vigae na makochi hufyonza mionzi hiyo, hupata moto, kisha huutoa kwa mionzi ya namna nyingine ambayo kioo hakiiruhusu kutoka. Ndiyo maana hata jua likishatua chumba kinaendelea kufukuta. Na kwa kuwa hewa ya moto hupanda, kama mna vyumba vya kulala vinavyofungukia kwenye nafasi hiyo ya juu, watu wa huko ndio wanaoteseka zaidi.

Sasa mapazia. Pazia la ndani, hata liwe zito vipi, hulikuta joto likiwa tayari limeshavuka kioo. Ni sawa na kufunga mlango mgeni keshaketi. Pazia lenye mgongo mweupe husaidia kiasi, kwa sababu hurudisha sehemu ya mwanga nje kabla haujageuka joto, lakini msilitegemee kwa kazi hii. Jua lizuiliwe nje ya kioo.

Hapo mtashauriwa kurefusha paa litokeze mbele ya vioo. Ushauri huo unafaa upande unaotazama ikweta, ambako jua la mchana huwa juu na kivuli cha paa huangukia kioo. Magharibi haufai. Kuanzia saa kumi jua linashuka na kuingia karibu kwa ulalo, na paa la kulizuia lingehitaji urefu wa kuchekesha. Mnachohitaji ni kitu kinachosimama wima: mapezi ya mbao au alumini yaliyopangwa mbele ya vioo, skrini za kitambaa za kushuka kwa nje, miti iliyopandwa mahali pake, au paneli za mbao zenye matundu ya mshazari zinazotelezeshwa kwenye reli. Mimi ningechagua paneli za kutelezeshwa. Asubuhi mnazisukuma pembeni mnalipata bonde lote, alasiri mnazifunga na bado mnaona nje kwa vipande na hewa inapita. Gharama yake ni kubwa, sikufichi, lakini hapa ndipo fedha ya marumaru ilipaswa kwenda. Miti ni rahisi zaidi na mizuri zaidi, ila itawachukua miaka.

Njia nyingine ni kubadili vioo vyenyewe muweke vyenye utando usioonekana wa kukataa joto la jua. Vilivyo vizuri hupitisha theluthi moja tu hivi ya nishati huku mwanga mwingi ukiendelea kuingia. Kwa mita za mraba 40 hiyo ni kazi nzito na ya ghali, na vioo mlivyonavyo bado vipya. Kuhusu kubandika tinti, kuweni waangalifu. Tinti nyeusi hukataa joto kwa kulifyonza, na kioo cha tabaka mbili kikipata moto katikati huku kingo zake zikiwa zimejificha kwenye fremu ya baridi, kinaweza kupasuka. Chenyewe, bila kurushiwa jiwe. Tinti ikilazimu, aliyetengeneza vioo athibitishe kwanza, kwa maandishi, kwamba tinti hiyo na kioo hicho vinaendana.

Hamko peke yenu katika hili. Nyumba ya Farnsworth, iliyokamilika mwaka 1951 karibu na Plano katika jimbo la Illinois, Marekani, ni moja ya nyumba za mashambani zilizopigwa picha nyingi sana duniani. Kuta zake zote za nje ni vioo. Ludwig Mies van der Rohe aliisanifu iwe mahali pa daktari Edith Farnsworth kupumzikia mwishoni mwa wiki. Daktari huyo alilalamikia joto la kiangazi na kukosa faragha, na yeye na msanifu wake wakafikishana mahakamani kwa ugomvi wa gharama. Leo ni makumbusho. Ni nyumba nzuri mno ya kutembelea.

Sauti ndiyo itakayoikomboa sebule yenu, na ndiyo jambo ambalo karibu kila mwenye nyumba hulifikiria mwisho. Mwaka 1895 mwanafizikia kijana wa Chuo Kikuu cha Harvard, Wallace Clement Sabine, alipewa kazi ya kuunusuru ukumbi wa mihadhara ambamo mhadhara haukusikika. Neno moja lilivuma humo kwa zaidi ya sekunde 5 kabla ya kufa. Usiku alihamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akaipanga, akapima muda wa mwangwi, akaiondoa, akapima tena. Alichopata tunakitumia mpaka leo: zidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, gawa kwa jumla ya ufyonzaji wa kila kilichomo, unapata sekunde ambazo sauti huchukua kushuka kwa desibeli 60.

Tuitumie kwenu. Ujazo ni 9 kwa 7 kwa 6, yaani mita za ujazo 378. Zidisha kwa 0.161, ni 61 hivi. Sakafu, dari, kuta na vioo kwa pamoja ni mita za mraba 318, na vyote ni vigumu. Vitu vya aina hiyo hufyonza asilimia 4 hivi tu ya sauti inayovigusa, kwa hiyo vinawapa ufyonzaji wa kama 13. Makochi na watu wanaongeza labda 8. Gawa 61 kwa 21: karibu sekunde 3. Sebule ya kuzungumzia hutakiwa iwe chini ya sekunde 1, au ikizidi izidi kidogo tu, kwa chumba kikubwa kama hicho.

Kinachotokea katika sekunde hizo 3 ni hiki. Irabu hutamkwa kwa nguvu na hubaki zikielea chumbani. Konsonanti, ambazo ndizo hutofautisha neno na neno, ni nyepesi na fupi. Irabu ya silabi iliyopita huifunika konsonanti ya silabi inayofuata. Msikilizaji anasikia kelele za kutosha ila haelewi, mzungumzaji anapandisha sauti, jirani yake naye anapandisha, na baada ya dakika kumi sita wenu mnapiga kelele. Watu wa umri mkubwa huumia kabla ya wengine, maana masikio hupoteza kwanza sauti nyembamba, na huko ndiko konsonanti nyingi ziliko. Mama mkwe hajaichukia nyumba yenu. Hakusikii.

Mtaambiwa mnunue zulia. Nunueni, lakini mjue uwezo wake: zulia la sufu la mita 4 kwa 3 lililowekewa felti chini litawaongezea kama 4 kwenye hesabu ile, wakati pengo la kufikia sekunde 1 ni 40. Maua ya vyungu na picha za ukutani hazifikii hata hapo. Pa kufanyia kazi ni dari, kwa sababu ina eneo kubwa, haikanyagwi, haitazamwi na jua na haishindanii nafasi na samani. Paneli za kufyonza sauti zilizo nzuri hufyonza zaidi ya asilimia 80 ya sauti ya mazungumzo. Mkiweka mita za mraba 35, ambazo ni zaidi kidogo ya nusu ya dari, mnapata kama 30. Jumlisha na zulia, mwangwi unashuka hadi sekunde 1.1. Na hapa ndipo mapazia yenu mazito yanapopata kazi. Yakishonwa kwa mikunjo mingi na kufungwa usiku mbele ya vioo vyote, huongeza kama 20, na chumba kinatua kwenye sekunde 0.8. Hesabu hizi ni za makadirio, mtaalamu akija na kipimo atazirekebisha, lakini hazitageuza uamuzi.

Paneli hizo zisiwafikirishe studio ya muziki. Vipande vyembamba vya mbao vilivyopangwa kwa kuachiana nafasi, nyuma yake felti nyeusi na sufu ya mawe (nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa), vinatosha na vinapendeza. Zingatieni hizo nafasi na hiyo sufu. Mbao zilizobanana bila kitu nyuma huirudisha sauti karibu kama jipsamu. Ulizeni pia juu ya moto: sufu ya mawe haiungui, ila felti za plastiki hutofautiana sana.

Kama ningekuwa mimi, nisingezibandika mita 6 juu. Ningezishusha ziwe dari ya pili inayoelea, mita 3.5 hivi kutoka sakafuni, juu ya eneo la makochi peke yake, na kuiacha sehemu iliyo karibu na vioo ibaki na urefu wake wote. Hapo mnapata jambo ambalo fedha ya marumaru haiwezi kununua: mtu akiketi anajua ameketi mahali. Dari ya mita 6 kila upande humwacha mtu hana pa kujishikiza. Alvar Aalto na mkewe Aino, wasanifu majengo wa Finland, walilielewa hili mapema. Katika Villa Mairea, nyumba ya shamba ya familia ya Gullichsen iliyokamilika mwaka 1939 huko Noormarkku, Finland, wenye nyumba walikuwa matajiri wa viwanda na wangeweza kudai anasa yoyote. Walichopata sebuleni ni dari ya vipande vya mbao za msonobari, nguzo za chuma zilizosokotewa henzirani mahali mkono unapogusa, na madirisha makubwa yanayotazama msitu. Ni ya kisasa kwa kila kipimo, na watu waliishi humo.

Usiku, vioo vinageuka vyeusi kwa sababu ndani kuna mwanga mwingi kuliko nje. Kioo huakisi sehemu ndogo ya mwanga saa zote. Mchana hamuioni kwa kuwa bonde linang'aa kuliko akisi hiyo, usiku akisi inashinda. Basi punguzeni mwanga wa ndani na muongeze kidogo wa nje. Taa mbili tatu hafifu zilizofichwa chini ya miti iliyo karibu zitarudisha kina nje ya kioo, na hisia ya kutazamwa itapungua. Zichagueni za rangi ya kaharabu, wadudu huzifuata kidogo kuliko nyeupe.

Zile taa 24 za kuzama msizitupe, ila msiziwashe zote. Mwanga unaotoka mbali mara 4 hufika ukiwa dhaifu mara 16, kwa hiyo taa ya darini hulazimika kuwa kali sana ili mtu asome gazeti, na ukali huo ndio unaotoa vivuli chini ya macho na kuwazeesha wageni wenu. Mwanga wa jioni utoke chini: taa za kusimama, za mezani, za ukutani, zenye vifuniko vya kitambaa, kila moja mahali mtu anapoketi. Balbu ziwe za kelvini 2,700, yaani mwanga wa manjano, na zenye uaminifu wa rangi (CRI) wa 90 au zaidi, la sivyo mbao na ngozi zitaonekana za kijivu. Wekeni swichi za kupunguza mwanga, lakini swichi na balbu vijaribiwe pamoja kabla ya kununua vyote, kwani visivyopatana hupepesa.

Nirudi kwenye marumaru, kwa kuwa najua ndiyo mliyoipenda. Marumaru ni kalsiamu kaboneti. Tone la limau au siki huiunguza na kuacha alama isiyong'aa, na ile dawa ya kuziba vinyweleo huzuia madoa tu, haizuii tindikali. Kibaya zaidi kwa nyumba ya shamba ni mchanga. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs marumaru iko kwenye 3, chembe za kwatzi zilizomo mchangani ziko kwenye 7. Kila kiatu kinachotoka uani huikwaruza, na njia kati ya mlango na makochi itafifia huku pembeni pakibaki na ung'avu. Porselini mliyonayo inauhimili mchanga vizuri zaidi. Mkiitamani marumaru, itumieni mahali pasipokanyagwa, kama ukutani au kwenye meza ndogo, na muichukue isiyong'arishwa.

Samani sina mengi. Yaondoeni makochi ukutani, yakabiliane kwa mita 2.5 hivi kati ya nyuso na nyuso, zulia liwe kubwa kiasi cha miguu ya mbele ya kila kochi kulikanyaga. Ngozi iliyo kwenye njia ya jua la magharibi itapasuka. Ihamisheni leo, msisubiri paneli. Na kama nyumba hufungwa kwa wiki kadhaa, acheni madirisha ya juu yanayoweza kufunguka yapitishe hewa, la sivyo hayo mapazia mapya yataota ukungu.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyaamua nikiwa mbali. Dari ya kuning'inia na paneli za nje zinahitaji mhandisi wa miundo aone zinashikwa na nini na upepo utazisukuma kiasi gani. Kama kioo kina ufa, au maji huonekana kwenye fremu baada ya mvua, au kuna ukungu katikati ya tabaka mbili, mwite fundi wa vioo kabla ya jambo jingine lolote. Muulize pia kama vile vya juu ni vioo vilivyogandishwa tabaka kwa tabaka, ambavyo vikivunjika hubaki vimeshikana. Taa zinazopepesa ni za fundi umeme aliyesajiliwa. Na iwapo baada ya kutuliza mwangwi mama bado ataomba kurudiwa maneno, apelekwe kupimwa masikio. Chumba kisilaumiwe kwa kila kitu.

Taa ya fuwele, basi. Mkishamaliza hayo yote na bado mnaitamani, itundikeni juu ya meza ya kulia, sentimita 75 hadi 90 kutoka juu ya meza, mahali itakapotazamwa na kufutwa vumbi bila jukwaa la mafundi. Mkitaka ibaki kule mita 6, ninyi au fundi wenu mtahitaji mota ya kuishusha, na ndoano yake ishikwe na boriti au zege. Fundi akisema jipsamu itabeba, tafuta mwingine.